Kumbukumbu za vita katika chumba cha mazoezi: kipi kibaki, kipi kirudi kwa wenyewe

SWALI

Salaam mshauri. Mimi ni mpiga besi na kiongozi wa bendi hapa Kampala. Tunapiga Kabalagala mwisho wa juma, na harusi zikipatikana tunakwenda. Nje ya muziki nakusanya vitu vya vita. Nina noti za Amin za 1973, nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza yenye jina na namba kwenye ukingo niliyonunua kwa muuza vyuma Katwe, kofia ya chuma ya vita vya 1979, maganda mawili ya mizinga yaliyogeuzwa vyombo vya maua, mkebe wa risasi za AK (nyingine maganda matupu, nyingine bado zina kichwa), koti la mabaka nililolipata soko la Owino, na beji ya Kijerumani ya Vita vya Pili yenye swastika niliyoagiza kwa posta. Kuna pia daftari la shule lenye jina la mtoto. Aliyeniuzia kule Gulu alisema liliokotwa porini baada ya waasi kupita.

Vyote vimetundikwa katika chumba tunachofanyia mazoezi. Mwimbaji wetu, dada wa kutoka Lira, amesema haingii humo mpaka viondolewe. Mpiga dramu anasema hiyo ni historia tu, tena anataka tuvae koti na kofia kwenye picha ya jalada la albamu. Mwakani tuna mwaliko wa kupiga Ujerumani. Mtu wa ng'ambo anataka kununua daftari na beji, na bei yake ni nzuri. Je, kukusanya vitu hivi ni kosa? Jukwaani vifae au visifae? Na nivitunze vipi? Mvua zimeleta ukungu.

Mpiga besi, Kampala

JIBU

Ndugu yangu, tuanze na daftari, maana mengine yanaweza kungoja wiki na hilo haliwezi. Usiliuze. Lina jina la mtoto, na huenda mtoto huyo ana mama anayemtafuta mpaka leo. Vita vya waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini vilianza 1987 na vilichukua watoto kwa maelfu. Wasichana 139 waliotekwa Aboke usiku wa Oktoba 10, 1996 ndio dunia iliwasikia. Wengi wengine walichukuliwa wawili wawili njiani au bustanini, na hakuna gazeti lililoandika. Mzazi ambaye hakurudishiwa mtoto wala mwili, mwandiko wa mwanawe unaweza kuwa kitu pekee kilichobaki duniani.

Na jambo lenyewe halijafungwa. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Februari 4, 2021, na Februari 28, 2024 majaji wakaamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52 kwa waathirika wa makosa yake. Familia zinaendelea kuorodheshwa na kuthibitishwa. Daftari lenye jina la mtoto na la shule linaweza kumsaidia mtu kueleza nani alikuwa wapi na lini. Likiwa kabatini kwa mkusanyaji wa ng'ambo halimsaidii yeyote.

Fanya hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha piga picha kila ukurasa kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na rula pembeni. Usizitume Facebook wala WhatsApp hata kwa nia ya kumtafuta mwenyewe: matapeli watajitokeza wakidai ni ndugu, na aliyerudi kutoka porini akajificha kwa jina jipya unaweza kumfichua kwa majirani. Usifute, usinyooshe kurasa kwa pasi, usibandike selotepu, na usilaminishe, kwani plastiki ile huyeyukia ndani ya karatasi na haitoki tena. Andika kwenye karatasi nyingine yote unayoyakumbuka: ulinunua mwezi gani, mtaa gani, kwa bei gani, na maneno ya muuzaji jinsi alivyoyasema, hasa jina la kijiji au mto alioutaja. Daftari liweke ndani ya bahasha isiyo ya plastiki. Kisha nenda Chama cha Msalaba Mwekundu cha Uganda, kitengo cha kutafuta na kuunganisha familia, au wasiliana na Kituo cha Kitaifa cha Kumbukumbu na Amani kilichoko Kitgum, kinachohifadhi kumbukumbu za vita vile. Familia ikipatikana, uamuzi ni wao: walihifadhi, walipeleke kituoni, au walizike. Wakitaka kulizika, litazikwa, na wewe usidai hata nauli.

La pili ni mkebe wa risasi, na hapo hatari ni ya mwili. Risasi ambayo kichwa bado kimekaa kwenye ganda ihesabu ni hai, hata ikiwa imeshika kutu kama iliyofukuliwa jana. Watu hutazama kile kiduara kwenye kitako, fataki, wakiona kimebonyea wanasema imeshalia. Si hivyo. Kubonyea kunaonyesha tu kwamba pini iliigonga. Huenda haikuwaka, na baruti imo bado. Ganda la kweli tupu halina kichwa, ndani unaona chini, na fataki yake imebonyea. Usitoboe tundu ili utengeneze kidani, usivute kichwa kwa koleo, usipashe moto. Usiupakie mkebe huo kwenye boda uende nao kituoni, maana njiani huna maelezo ya kumridhisha askari wa kizuizi. Uache ulipo, funga chumba, piga 999 au 112, au nenda kituo cha polisi mikono mitupu ukaeleze, nao waje wauchukue. Mwambie wakili wako kabla ya kwenda, na uombe karatasi inayosema umekabidhi nini. Ukiwahi kuuziwa bomu la mkono "lililokufa", hatua ni hiyo hiyo, ila unatoka nje ya nyumba na watu wote kwanza.

Maganda ya mizinga yaliyofanywa vyombo vya maua kwa kawaida ni salama, lakini yapindue uangalie kitako. Kama fataki haina alama ya kupigwa, mwonyeshe mtaalamu wa polisi kabla ya kuyapangusa tena.

Koti la mabaka halikupi historia yoyote, na linaweza kukufunga. Marobota ya mitumba yanayofika Owino hubeba nguo za majeshi ya Ulaya na Marekani. Mnunuzi anaona fasheni, askari anaona sare. Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, ya 2005 inakataza raia kuwa na mavazi na vifaa ambavyo ni vya jeshi pekee, na Septemba 2019 gazeti la serikali lilitaja mavazi hayo waziwazi, bereti nyekundu ikiwemo. Mahakama ya Juu iliamua Januari 31, 2025 kwamba mahakama za kijeshi zisihukumu raia, lakini sheria ikarekebishwa kati ya Mei na Juni mwaka huo huo, na raia anaweza tena kufikishwa huko kwa baadhi ya makosa, vifaa vya kijeshi visivyo na kibali vikiwa miongoni mwao. Hakuna jalada la albamu linalostahili hatari hiyo. Mpiga dramu asikie hili mapema kabla mpiga picha hajalipwa. Koti lipeleke polisi pamoja na suala la risasi, kwa ushauri wa wakili yule yule.

Sasa swali lako lenyewe, kama kukusanya ni kosa. Mimi sikubali wanaosema vitu vyote vya vita vichomwe, na sikubali pia wanaosema kitu ni kitu tu. Kitu cha vita kina mtu aliyekipoteza. Uliza alikuwa nani, alikipoteza vipi, na kama yeye au watoto wake wapo. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopanga rafu yako, wala si umri wa kitu au bei yake.

Noti za 1973 zenye sura ya Amin zilitoka Benki ya Uganda kwa mamilioni, zikapita sokoni, kanisani na msikitini, kila mtu alizishika. Baada ya 1979 zikawekwa kando, noti mpya zikaja bila sura yake. Hakuna aliyeporwa ili wewe uwe nazo. Ziweke kwa amani. Zinaeleza jambo ambalo kijana wa leo halijui: kwamba utawala ule ulikuwa pia mfukoni, kwenye bei ya sukari.

Nishani ya Katwe ni habari nyingine. Nishani za Uingereza za Vita vya Kwanza zilichongwa kwenye ukingo namba, cheo, jina na kikosi. Chukua kioo cha kukuzia, weka taa ya mkono ubavuni ili mwanga ulale, usome polepole. Ukiona 4 K.A.R., huyo ni mtu wa batalioni ya nne ya King's African Rifles, iliyoandikisha watu wake hapa Uganda. Jina mara nyingi limeandikwa na karani aliyelisikia vibaya, kwa hiyo litamke kwa sauti, mbele ya wazee wa makabila tofauti, ndipo litafunguka. Wajukuu wake huenda wapo Masindi au Arua. Huna wajibu wa kisheria wa kuwatafuta, lakini ningekuwa na nishani hiyo ningewatafuta kabla ya kuitundika, kwa sababu jina limeandikwa ili lisomwe. Nishani za Vita vya Pili za askari wetu waliokwenda Burma hazikuchongwa majina. Hizo ukizikuta zimetengana na karatasi zake, mara nyingi njia imekatika.

Kofia ya 1979 ipindue. Tazama ngozi ya ndani, ukanda wa kidevu, na chini ya mdomo wa chuma, mahali askari hukwaruza jina au namba. Vita vile vilianza Oktoba 1978 pale majeshi ya Amin yalipoingia Kagera, na Watanzania wakafika Kampala Aprili 1979 pamoja na Waganda wa UNLF waliompinga Amin. Ukiona jina la Mtanzania, andika barua kwa Ubalozi wa Tanzania hapa Kampala. Wana makaburi ya mashujaa wao Kaboya, mkoani Kagera, na huenda kofia hiyo inamhusu mmoja wao. Kama haina jina, iache kama ilivyo, usiipake rangi. Rangi ya zamani, hata iliyobanduka, ndiyo inayoonyesha ilikuwa ya jeshi gani. Na kwa kuwa ni kifaa cha jeshi, itaje pia kwa wakili usije ukadhani umri unaiondoa kwenye sheria.

Beji ya Kijerumani ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa ya bandia. Nakala za vitu vya Wanazi zimetengenezwa kwa wingi tangu vita viishe, na wauzaji wa posta wanajua mnunuzi wa mbali hatarudisha. Kama ni Msalaba wa Chuma wa 1939, sogeza sumaku: wa kawaida ulikuwa na kiini cha chuma ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku hushika. Isiposhika, shaka inakua, ingawa kuna michache halisi yenye kiini kisichoshika. Kama kuna utepe au kitambaa, washa taa ya urujuanimno gizani. Nyuzi za kisasa hung'aa buluu-nyeupe kwa sababu ya kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya vita. Lakini kitambaa cha zamani kilichofuliwa kwa Omo nacho hung'aa, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kisikutoe uamuzi. Na hata ikiwa halisi, jiulize unaipenda kwa nini. Kama jibu lako la kweli ni kwamba inapendeza na inatisha, basi unapenda kazi ambayo walioibuni walikusudia ikufanyie.

Kwa kila kitu kinachobaki, fungua daftari la kumbukumbu. Namba ya kitu, picha tatu, vipimo kwa milimita, uzito kwa gramu, maandishi yote yaliyomo, nani alikuuzia, yeye alikipata wapi, na tarehe. Tenganisha ulichokiona kwa macho na ulichoambiwa. Wengi hukosea hapo: neno la muuzaji linaandikwa kama ukweli, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka lilitoka wapi. Phil Collins, mpiga ngoma na mwimbaji wa Uingereza, alikusanya kwa miaka mingi vitu vya mapigano ya Alamo ya 1836, akavitoa mwaka 2014, zaidi ya 200, kwa Texas. Baadaye watafiti na waandishi wakahoji uhalisi wa baadhi yake, visu miongoni mwao. Nia njema haikukosekana, wala pesa. Kilichopungua ni mnyororo wa karatasi kutoka mkono hadi mkono. Hata jina kubwa haliwezi kuujaza mnyororo huo baadaye.

Kuna na suala la soko, ambalo wakusanyaji hawapendi kulisikia. Ukilipa vizuri kwa daftari moja la Gulu, muuzaji yule atatuma vijana wamtafutie la pili. Vijana wataingia mahandaki ya zamani na sehemu zilizokuwa kambi. Uganda ilitangazwa Desemba 2012 kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana, lakini makombora yasiyolipuka bado hufukuliwa na majembe na wakusanya vyuma chakavu. Bei yako ndiyo inayomshikisha kijana chepeo. Na Luwero, kulikopiganwa vita vya msituni vya miaka ya 1980, huenda ukaletewa vitu vilivyotoka makaburini. Usiviguse, na mifupa ya binadamu usiipige hata picha. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na polisi.

Jukwaani sasa. Ndani ya sanduku kitu kina maelezo pembeni. Mkusanyaji anaweza kukueleza kila mkwaruzo. Jukwaani hakuna maelezo. Kuna taa, besi kifuani, bia, na mtu wa meza ya tatu ambaye humjui. Anachokiona ni wewe umejipamba kwa kitu cha aliyempiga baba yake. Lemmy wa bendi ya roki ya Motörhead, aliyefariki Desemba 28, 2015, alikuwa na mkusanyo mkubwa wa vitu vya Wanazi nyumbani kwake Los Angeles, akasisitiza maisha yake yote kwamba hakuwa Mnazi na kwamba ni historia na ubunifu wa vile vitu tu alivyovipenda. Namwamini kuhusu moyo wake. Lakini mwaka 2008 picha ya gazeti ikimwonyesha amevaa kofia ya aina hiyo iliwafanya waendesha mashtaka wa Ujerumani waiangalie. Moyo wake haukuonekana kwenye picha, kofia ilionekana. Novemba 2018 kundi la BTS la Korea lilifutiwa onyesho la televisheni Japani kwa sababu mmoja wao aliwahi kuvaa fulana yenye picha ya wingu la bomu la atomiki. Siku hizo hizo picha ya zamani ya mwenzake mwenye kofia yenye alama ya Wanazi ikaibuka, na kampuni yao ikaomba radhi kwa waathirika wa bomu hilo na kwa Wayahudi.

Kwetu Uganda kuna jambo zaidi, nawe unaimba Kiswahili. Amin alikifanya Kiswahili lugha ya taifa 1973, na kwa wazee wengi wa Buganda hii ndiyo lugha iliyowaamuru washuke kwenye gari usiku. Tumehangaika miaka mingi kukisafisha. Ukiimba Kiswahili juu ya jukwaa huku umevaa vitu vya miaka ile, unarudisha kizuizi cha barabarani katika vichwa vya watu waliokuja kucheza. Kwa hiyo ushauri wangu hauna kona: hakuna kitu halisi cha vita jukwaani, hakuna kwenye jalada, hakuna kwenye video. Kama albamu inasimulia vita kweli, andika nyimbo zinazosimulia, na ndani ya jalada uweke picha ya noti moja yenye maelezo ya sentensi tatu.

Hata kwa upande wa utunzaji jukwaa huharibu. Moshi wa mashine ni glaikoli na maji. Ukitua juu ya chuma huacha utando unaoshika unyevu, na kutu huanzia hapo. Joto la taa hukausha ngozi upande mmoja ikapinda.

Mwimbaji wenu ana haki, na usimtake athibitishe maumivu yake. Usimuulize alipoteza nani. Lira na vijiji vyake vina Barlonyo, ambako Februari 21, 2004 LRA waliua watu kambini. Jiwe la ukumbusho lililowekwa na serikali linataja 121. Wenyeji wanasema waliouawa ni zaidi ya 300. Fikiria kuishi mahali ambapo hata idadi ya wafu wako inabishaniwa, kisha kila mazoezi ukute daftari la mtoto limetundikwa ukutani karibu na ampu. Chumba cha mazoezi ni mahali pa kazi ya watu wote wa bendi, si makumbusho yako. Ondoa vyote leo, kabla ya mazungumzo. Usiviondoe kama sharti la yeye kurudi wala usivifunike kwa shuka, maana shuka lenyewe litamwambia vipo. Halafu mwambie maneno machache: "Dada, nimeviondoa, havirudi humu. Daftari linapelekwa kwa wanaotafuta familia." Basi, usiongeze hotuba kuhusu historia. Akitaka kujua zaidi atauliza. Na siku ukiandika maelezo ya kitu chochote cha kaskazini, usiandike idadi ya waliokufa bila kusema ni hesabu ya nani.

Utunzaji. Adui yako Kampala ni unyevu, hasa Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, weka ndani ya boksi, usikisie. Chuma kinataka chini ya asilimia 40. Nguo, ngozi na karatasi zinataka 45 hadi 55. Kwa hiyo usiviweke pamoja. Shaba iliyogusana na ngozi hutoa nta ya kijani, ambayo ni mafuta ya ngozi yakila shaba. Itoe kwa kijiti cha mbao laini, kisha utenganishe viwili hivyo. Kwa boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) gramu 20 kwa kila lita ya nafasi, yaani gramu 200 kwa boksi la lita 10. Ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni nyuzi 110 kwa saa tatu. Usipandishe kupita 120, chembe zenye rangi zitaungua na hazitakuonyesha tena kitu.

Nishani usiipake Brasso. Ina unga unaokwangua, na kila mara unaondoa kidogo cha yale maandishi ya ukingo uliyotaka kuyasoma. Ishike kwa glavu za nitrili; chumvi ya jasho inakula fedha kama inavyokula nyuzi za besi yako. Noti ziweke kwenye mifuko ya poliesta au polipropilini. Zile albamu laini zenye harufu ya plastiki mpya ni PVC. Hutoa asidi, na noti hunata ikabadilika rangi.

Ukungu kwenye kitambaa au karatasi, toka nao nje kivulini, vaa barakoa, acha ukauke kwanza, kisha upanguse kwa brashi laini kuelekea mbali na wewe. Ukiufuta ungali mbichi unausugua ndani. Nondo au mende wa nguo, funga kitambaa ndani ya mfuko uliotolewa hewa, kiweke friza nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili, halafu kiache kiyeyuke saa 24 bila kufungua mfuko. Umeme ukikatika muda mrefu friza ikapoteza baridi, anza kuhesabu upya, kwa sababu wadudu wanaobaki hai huzoea baridi. Usigandishe vitu vya mbao na chuma vilivyounganishwa, wala vilivyopakwa rangi. Rafu iwe mbali na ukuta sentimita 10, na isiwe ya mbao mbichi, kwa ajili ya mchwa.

Mnunuzi wa ng'ambo mwandikie kwamba daftari haliuzwi. Beji ukitaka kuiuza, muulize itaonyeshwa wapi na ataivaa nani, na kama jibu linakwepa, acha. Kitu chochote cha kale cha Uganda kinachotoka nje ya nchi kiulizie kibali kwanza katika ofisi za makumbusho ya taifa, pale Kira Road. Hapo hapo ndipo pa kupeleka ulichochoka kukitunza. Dai hati ya kukabidhi yenye namba yao ya usajili, la sivyo miaka michache baadaye hakuna atakayejua kilifikaje.

Ujerumani, beji ibaki nyumbani, na ikibidi nasema tena, ibaki nyumbani. Kifungu cha 86a cha sheria yao ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani na kusambaza alama za Wanazi, na adhabu hufika kifungo cha miaka mitatu au faini. Sanaa, elimu na historia zina msamaha, lakini anayeamua kama wewe ni sanaa ni mahakama, na wewe una tiketi ya kurudi Jumatatu. Hata askari wao wa zamani waliotaka kuvaa nishani baada ya vita walitengenezewa, kwa sheria ya 1957, mpya zisizo na swastika. Kabla ya safari pitia mabango, fulana za kuuza, stika za masanduku ya spika na picha za kurasa za bendi mtandaoni; futa yoyote yenye beji ile, hata ikiwa nyuma kabisa ukutani. Tuma mwandalizi wa maonyesho nakala za picha zote mtakazotumia, miezi miwili kabla, naye akujibu kwa maandishi. Ukipita Austria, sheria yao ni kali zaidi. Na kagua mfuko wa gitaa kwa mkono mwenyewe, mifuko ya pembeni ikiwemo: ganda moja la risasi lililosahaulika humo litakusimamisha Entebbe kabla hujafika popote.